Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia macho na mwangaza wa kuonea, na baada ya kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda leo kuwachukua wasomaji wetu, mama zangu, dada zangu na watoto wangu, katika safari ya Lamu. Safari hii nimeifanya na kamera begani, na kwa hiyo pamoja na habari za mji, nitawasimulia pia habari za kazi ambayo wengi wetu twaifanya kila siku bila ya kuisomea, nayo ni kupiga picha.

Zamani picha ilikuwa jambo la kuoga, kuvaa, kujitia manukato na kwenda studio. Mwenye kamera mtaani alikuwa mmoja, na jina lake na nyumba yake zilijulikana. Leo kila mwenye simu ana kamera, na katika nyumba ya watu sita huenda zikawamo kamera tano. Tumepewa chombo kabla ya kupewa adabu yake. Sisi tuliosoma chuoni twakumbuka kwamba mtoto alifundishwa kwanza namna ya kuubeba msahafu, wapi auweke na wapi asiuweke, kisha ndipo akaonyeshwa alifu na be. Kila chombo chenye heshima kina adabu zake, na kamera nayo imo katika hesabu hiyo.

Mimi nilianza kujifunza kazi hii nikiwa nimekwisha kuvuka miaka hamsini, kwa kamera kuukuu niliyopewa na mkwe wangu alipojinunulia mpya. Sikuwa na nia ya kuwa mpiga picha wa harusi wala wa gazeti. Nilitaka kuhifadhi kumbukumbu za misikiti ya kale, milango ya nakshi, na kazi za mikono za wazee wetu ambazo zinapungua mwaka hata mwaka. Mwalimu wangu ni mpwa wangu, kijana aliyesomea fani hii, ambaye nilimfundisha mimi kusoma Qur'ani alipokuwa mdogo. Sasa mambo yamegeuka, yeye ndiye anayeniambia, "Mjomba, rudia tena."

Mwangaza na kivuli

Somo la kwanza alilonipa halikuwa la vifungo vya kamera. Aliniambia, "Mjomba, usiitazame kamera. Utazame ukuta. Ukuta ndio utakaokwambia jua liko wapi."

Maneno haya yalinikumbusha mwanachuoni mkubwa wa umma huu, al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Kabla yake wako wenye hekima waliodhani kwamba jicho hutoa miali yake na kuigusa dunia. Yeye, katika Kitab al-Manadhir, alibainisha kwamba mambo ni kinyume: mwangaza hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Miongoni mwa majaribio yake ni kuzipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo linaloingia katika chumba cha giza. Kila taa ilitoa doa lake la mwangaza ukutani ndani ya chumba, na ilipofunikwa taa moja, likatoweka doa la taa ile peke yake. Kamera zote za leo, pamoja na zilizomo katika simu zetu, zimejengwa juu ya asili hiyo: chumba cha giza, tundu, na ukuta wa kupokelea mwangaza.

Jambo hili laweza kufanywa nyumbani na watoto siku ya mapumziko. Chagueni chumba kinachotazamana na njia yenye jua kali. Zibeni madirisha yote kwa makaratasi mazito au mablanketi, muache tundu moja lenye upana wa kidole kidogo. Tundikeni shuka jeupe mbele ya tundu hilo, kisha mkae kimya mpaka macho yazoee giza. Mtaiona njia ya nje juu ya shuka, ikiwa na rangi zake, lakini imepinduka: watu wanatembea miguu juu, na mbingu iko chini. Mtoto aliyeona hivyo mara moja hatahitaji kuelezwa tena kamera ni kitu gani.

Na vifungo vile ambavyo huwatisha watu wengi, kwa hakika ni vitatu tu. Ifikirie kamera kuwa ni chumba chenye dirisha moja. Jambo la kwanza ni upana wa dirisha, yaani tundu la lenzi. Namba ndogo kama f/2.8 ni tundu pana, na namba kubwa kama f/16 ni tundu jembamba. Tundu pana huingiza mwangaza mwingi na kuyafanya yaliyo nyuma ya mtu yawe kama ukungu. Tundu jembamba huyaonyesha yote, ya karibu na ya mbali. Jambo la pili ni muda ambao dirisha huachwa wazi. Punda anayetembea atatulia katika picha kwa sehemu 1 ya 250 ya sekunde, lakini mawimbi yanayopasuka juu ya mwamba yataka sehemu 1 ya 500 au chini yake. Jambo la tatu ni ule wepesi wa kuhisi mwangaza uitwao ISO, nao ni mfano wa macho ya mtu aliyekuwa gizani: yameamka sana, huona hata kwa mwangaza kidogo, lakini huona kwa mashaka, na picha huingia chenga. Ukiongeza kimoja katika hivi vitatu, punguza kingine. Hiyo ndiyo mizani yenyewe.

Kuhusu wakati, waliosoma chuoni wana fadhila ambayo pengine hawaijui. Tumefundishwa kupima kivuli ili tujue nyakati za swala. Twajua kwamba Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, baada ya kukiondoa kivuli cha mchana. Basi jua likishuka chini ya hapo, vivuli hurefuka, mwangaza hulainika na rangi ya kuta hugeuka kama asali. Ikiwa kivuli chako kimekuzidi urefu, toa kamera. Ikiwa kiko chini ya miguu yako, irejeshe mkobani au tafuta kibaraza. Hivyo wakati bora wa picha ni baada ya Alfajiri, jua likishachomoza, na baina ya Alasiri na Magharibi. Katika pwani yetu, iliyo karibu na ikweta, jua hupanda na kushuka kwa haraka, na mwangaza huo mzuri haukai. Anayelala baada ya Alfajiri huukosa.

Hukumu yake

Najua kwamba baadhi ya wasomaji wanajiuliza juu ya hukumu. Wanavyuoni walihitilafiana katika picha za kamera tangu zilipoingia katika miji ya Waislamu. Wako waliozitia katika katazo la kutengeneza sura za viumbe. Na wako walioziruhusu. Miongoni mwao Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliandika risala akisema kwamba kamera hukizuia kivuli tu, wala haiumbi sura. Mwenye kushika ukali katika jambo hili asidharauliwe, na mwenye kushika wepesi asitupwe nje. Lakini katika waliojuzisha, hapana aliyejuzisha kuifichua sitara ya mtu, wala kumpeleleza katika faragha yake. Hapo hitilafu imekwisha, na hapo ndipo penye maneno ya leo.

Njia ya Lamu

Tuliondoka Mombasa alfajiri kwa basi, mimi, mama watoto na mpwa wangu. Njia yapita Kilifi na Malindi, yavuka mto Sabaki, kisha Garsen, penye mto Tana, na Witu, hadi kufika Mokowe, ambako nchi hukoma na msafiri akaingia chomboni. Katika njia hii kuna vizuizi vya askari, na kamera hukaa mkobani. Askari, madaraja na vituo vya ulinzi havipigwi picha. Msafiri mwenye akili hangoji kuambiwa.

Mji wa Lamu umekaa upande wa mashariki wa kisiwa chake, ukikitazama kisiwa cha Manda ng'ambo ya mlango wa bahari. Kwa sababu hiyo asubuhi jua huja kutoka Manda na kuupiga mji usoni: kuta za chokaa, majahazi yaliyofunga gatini, na makoma ya mikoko. Ilikuwa saa moja kasorobo tulipokaa ukingoni, na kwa muda wa saa nzima sikuhitaji kugeuza kitu katika kamera ila mara mbili. Ukitaka kuupiga mji huo kutoka baharini, nenda asubuhi. Jioni jua huwa nyuma ya nyumba, na uso wa mji huingia kivulini.

Nyuma ya ukingo huo mambo hubadilika. Mpita ananyosha mikono yake miwili na kuzigusa nyumba za pande zote. Magari hayaingii, punda ndiye mwenye njia, na ukisikia sauti yasema "Sameni!" au "Njia!", jibanze ukutani. Katika vichochoro hivi saa ya mchana, ambayo pengine pote ni mbaya kwa picha, huwa na faida: jua halifiki chini, bali hugonga ukuta mweupe wa juu, na kutoka hapo mwangaza huteremka ukiwa umepoa. Mzee aliyeketi barazani chini ya mwangaza wa namna hiyo hana kivuli kizito usoni.

Hapo nilijifunza pia habari ya kanzu na buibui. Kamera hudhani kwamba dunia yote ni ya rangi ya kijivu. Ukiielekeza kwenye kanzu nyeupe, huiona nyeupe mno na kuitia uchafu. Ukiielekeza kwenye buibui, huliona jeusi mno na kulifanya lipauke. Basi mbele ya kanzu ongeza mwangaza kidogo, na mbele ya buibui upunguze. Katika simu, gusa kioo pale unapotaka ionekane vizuri, kisha sogeza kile kialama cha jua juu au chini.

UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika urathi wa dunia mwaka 2001. Ngome yake, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, bado yasimama katikati ya mji, na mbele yake uwanja wenye miti na wazee wa kucheza bao. Msikiti wa Pwani una maandishi ya mwaka 1370. Picha za haya yote ziko tele, na mgeni yeyote huzipiga kwa siku moja. Kilichonizuia mimi siku tatu ni mlango.

Nyumba zenye kufundisha

Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Lakini lililo kubwa zaidi katika nyumba hiyo ni namna inavyompokea mtu. Kwanza liko daka, ukumbi mdogo wa nje wenye vikao vya mawe pande mbili. Mgeni wa kawaida huketi hapo, akazungumza, akapewa kahawa, na asiingie. Ndani ya mlango iko tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu kwa mwangaza na hewa, kisha misana, kisha ndani kabisa, penye zidaka zilizochongwa kwa chokaa na mahali pa faragha ya wenyewe.

Mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni kitu. Fundi wa zamani hakuifungua njia moja kwa moja kutoka kichochoroni hadi kiwandani, aliipinda. Jicho la mtu likiingia, hugonga ukuta. Wenye nyumba huweza kufungua mlango wao, wakapata hewa na wakasikia sauti za mtaa, bila ya kuonekana na mtu. Yaani fundi yule, kwa jiwe na chokaa, aliweka mbele ya macho ya watu yale yaliyofundishwa katika Sura ya an-Nur: kuomba ruhusa kabla ya kuingia katika nyumba za watu, na kuinamisha macho.

Nilisimama mbele ya daka moja nikiwa na kamera shingoni, nikaona jinsi kifaa hiki kidogo kinavyoweza kuivunja kazi ya fundi yule. Lenzi ndefu yavuka daka. Simu iliyoinuliwa juu ya ukuta yavuka tekani na kiwanda. Na picha ikishatoka, hufika nyumba elfu ambazo fundi hakuzijua wala mwenye nyumba hakuzikaribisha. Tumefundishwa kupiga hodi mara tatu, na tusipojibiwa turejee. Kwa nini basi tupige picha bila ya kupiga hodi hata mara moja?

Kuanzia siku hiyo nilijiwekea kanuni: kamera yangu haitaingia mahali ambapo mimi mwenyewe nisingeingia bila ya ruhusa. Mlango nitaupiga picha, kwa kuwa mlango umetengenezwa utazamwe. Nakshi zake zaelekea njiani. Lakini kilicho nyuma ya mlango kina mwenyewe.

Picha itakwenda wapi?

Siku ya tatu tulikwenda Matondoni, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa, penye mafundi wa vyombo na wasukaji wa mikeka. Ufukweni kulikuwa na jahazi lililokwisha kuwekwa mkuku na mataruma, na mbao zake zilikuwa zikipigwa kalafati, pamba ikisukumwa kwa patasi katika kila upenyo. Nilimsalimu fundi mkuu, nikamwomba nipige picha. Akafuta mikono, akaniitikia kwa upole, kisha akasema, "Sheikh, karibu ukae nasi. Lakini chombo hiki hakijavikwa. Kikishashuka majini, ndipo ukipige."

Nikaifunga kamera, nikakaa. Nilikaa mpaka Adhuhuri, na katika kukaa huko niliona ambayo nisingeyaona kupitia kitundu cha kamera: namna fundi anavyousikiliza mlio wa nyundo ili kujua kama pamba imejaa, na namna mwanafunzi wake asivyogusa patasi ya mwalimu mpaka apewe mkononi. Tuliswali pamoja, tukala samaki. Picha ya jahazi lile sinayo, na habari zake ninazo.

Mama watoto alikuwa amekwisha kuingia nyumba ya jirani, ambako bi mkubwa mmoja alikuwa akisuka ukili wa miyaa. Baada ya mazungumzo marefu nikaitwa mlangoni. Bi mkubwa alisema niingie, lakini uso wake hapana, mikono tu. Kisha kabla sijainua kamera akaniuliza, "Mwanangu, picha hiyo itakwenda wapi?"

Nimesoma vitabu kadhaa vya fani hii na kutazama masomo mengi, na sijakutana na swali lenye uzito kuliko hilo. Nilimjibu kwamba nitaichapisha katika karatasi, nimletee nakala yake, na haitakwenda kwingine bila ya neno lake. Akatafakari, akasema, "Basi piga. Mikono hii imeshasuka mikeka ya kuswalia ya watu nisiowajua. Nao waliswalia bila ya kunijua. Si neno."

Nilikaa chini sakafuni, mwangaza wa mlango ukija kutoka kushoto, tundu la lenzi f/4. Sikupiga haraka. Ukili una mahali ambapo kidole gumba huukunja mwaa na kuuvuta, na hapo mishipa ya mkono hujitokeza. Nilihesabu mikunjo mitano ili nilijue pigo lake, ya sita nikabonyeza. Msomaji huenda akaitafuta picha hiyo katika ukurasa huu. Haimo. Ruhusa yake haikufika hapa.

Waliotutangulia

Adabu hii haikuanza kwetu. Pwani yetu ilikuwa na wapiga picha waliojua kwamba wamebeba amana. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, familia nyingi zilipita katika studio ya Parekh. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi hii mwenyewe na akajulikana kwa ufundi wa kuunganisha picha mbalimbali zikawa moja. Mama zetu walikwenda studio hizo wakiwa na waume au ndugu zao, wakachagua mkao na nguo, na nakala zikarejea nyumbani zikawekwa ndani ya kasha la nguo. Mpigaji alijulikana, idadi ya nakala ilijulikana, na kama kulikuwa na ubaya, mlango wa kuugonga ulijulikana.

Hata Haram mbili tukufu ziliingia katika picha kwa mkono wa Mwislamu. Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri, aliipiga Madina mwaka 1861, na baadaye, karibu na mwaka 1880, akaipiga Makka. Na katika nchi yetu alizaliwa Mohamed Amin, Nairobi, mwaka 1943. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu ukatoa msaada; alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991, akarejea kazini kwa mkono wa bandia; na akafariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Yeye pia alizipiga picha za ibada ya Hija. Mtu huyu aliwapiga picha watu walio katika dhiki kubwa kabisa, na kwa hilo watu wengi wakapata chakula. Basi ubora wa picha hupimwa pia kwa yule aliyemo ndani yake: je, imemfaa au imemdhuru?

Nyumbani kwetu

Nimewahi kuitwa kusuluhisha baina ya familia mbili. Binti mmoja alipigwa picha katika kesha la harusi ya shoga yake, kichwa wazi, akicheza na wenziwe kama inavyofaa baina ya wanawake. Mpigaji alimtumia dadake, dada akamtumia shoga, shoga akaiweka kwenye stetasi, na kabla ya Alfajiri picha ilikuwa katika simu za wanaume. Kila mmoja aliapa kwamba hakukusudia ubaya, na kila mmoja alisema kweli. Binti alikaa ndani wiki nzima hataki kutoka, na posa yake ikawa mashakani. Tulifuta picha katika simu zote tulizozijua. Tusizozijua, Mungu ndiye ajuaye. Alhamdulillahi watu walipatana, lakini mama wa binti aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Sheikh, adui yangu simjui, ningalimjua ningalimsamehe."

Kwa ajili hiyo nawausia wenye harusi mambo machache yaliyo rahisi. Wekeni kapu mlangoni, simu ziingie humo kabla ya wageni kuingia ukumbini, na awepo mtu mzima wa kulilinda. Ajirini mwanamke mmoja mwenye kuaminika, na mpatane naye mapema, kwa maandishi, picha zitahifadhiwa wapi, nakala ngapi zitatolewa, na kwamba hataonyesha hata moja kutangaza kazi yake. Na mtu akisema, "Nifute," afutwe hapo hapo bila ya kuulizwa sababu. Watoto nao wana haki yao, ijapokuwa hawajui kudai: asipigwe mtoto akioga, wala akiwa mgonjwa, wala akiwa amevaa sare yenye jina la shule yake kisha picha ikatembezwa kwa watu wasiojulikana. Na maiti ana hurumati kuliko walio hai, kwa kuwa hana ulimi wa kukataa.

Na anayetaka kujifunza fani hii, mama au binti, kijana au mzee, asingoje kupata kamera ya bei. Simu yatosha. Afute kioo cha lenzi kwa kitambaa laini na kikavu kila anapotoka, kwa sababu chumvi ya bahari hukaa juu yake na kuitia picha ukungu. Asogee kwa miguu badala ya kuivuta picha kwa vidole. Aupige upeo wa bahari ukiwa umelala sawa, bahari isimwagike. Apige picha moja tu kwa siku, kwa muda wa siku arubaini, ya vitu vya nyumbani kwake: mbuzi ya kukunia nazi, mafungu ya asumini, viatu mlangoni mwa msikiti, mkono wa bibi juu ya tasbihi. Kisha achague kumi, azichapishe katika karatasi, aziweke katika albamu, kwani picha zilizo ndani ya simu hupotea pamoja na simu. Albamu ya namna hiyo ni hazina; wajukuu wataijua nyumba ilivyokuwa na mikono iliyoiendesha.

Wenye kuisoma makala hii nawaomba jambo moja wiki hii. Fungueni simu zenu, mpite picha moja moja, na mbele ya kila picha yenye mtu mjiulize: je, huyu aliniruhusu, na je, ajua ilikokwenda? Ambayo jibu lake halipatikani, mwulizeni mwenyewe, na ikiwa haulizwi tena, ifuteni. Hiyo ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye haya, na azisitiri aibu zetu kama tunavyositiri za wenzetu. Wabillahi tawfiq.